Maili Hamsini na Moja kwa Galoni

Bladensburg, Maryland
Jumatatu, 6 Oktoba

Dada yangu Elieth,

Nimekukosea dada, na mwanao Peterson nimemkosea zaidi. Nimeona nilitangulize hilo hata kabla ya shikamoo, kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitasalimia kurasa mbili, nitakuuliza habari za mvua, halafu nitafunga bahasha. Sasa limeshatoka. Shikamoo dada.

Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia imesaidia au umeishia kuwagawia majirani? Na mama je, anakula? Mwambie nimeota ananiita kwa lile jina la utotoni, akacheka. Huku kwa afya hatujambo. Wifi yako Vumilia anakusalimu sana, bado anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, shifti ya asubuhi. Watoto nao wanakusalimu. Ukiwapigia wanakuelewa kila neno, ila majibu ni Kiingereza tu, usiwakasirikie. Baridi imeanza kupiga hodi.

Barua hii anakuletea Mwatumu, yule dada wa Tanga tunayesali jirani naye, yeye msikitini kwao, sisi kanisani kwetu. Anaruka kesho, na Ijumaa atakuwa Bukoba kwenye harusi. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungelia, na ukilia mimi ningegeuza maneno. Nakuomba kitu kimoja, usimpigie mtu yeyote mpaka umesoma mpaka chini.

Kazi yangu unaijua. Nasafisha yale majengo ya kompyuta kule Sterling, majengo makubwa kama ghala la kahawa, hayana madirisha wala watu. Kutoka hapa ni karibu maili arobaini. Kwa treni na mabasi unaacha masaa mawili na nusu njiani. Kwa hiyo miaka tisa nimekuwa nabeba watu kwenye vani yangu, abiria saba, wengine wanashuka Herndon, wengine Sterling, na kila Ijumaa kila mtu anachangia mafuta. Vani inakula, sikatai. Inakwenda maili kumi na nne tu kwa galoni moja, na galoni ya huku ni karibu lita nne. Tenki likikauka, kulijaza ni dola mia na kitu, na wiki ikiisha unarudi tena sheli. Lakini watu saba wakichangia, mafuta yanalipika na kuna kinachobaki. Hicho kilichobaki, dada, ndicho kilikuwa dawa za mama na mshahara wa binti anayemwogesha. Sikuwahi kukuambia kinatoka wapi.

Peterson alipofika alilala kwenye kochi langu miezi saba. Sikukumbushi hilo ili unishukuru, nalitaja ili uelewe hasira ilikuwa na ukubwa gani. Nilimfundisha kuendesha. Nilikaa naye kwenye ile barabara kubwa inayouzunguka mji, malori yanapita kama nyumba, namwambia taratibu baba, ingia, usiombe ruhusa, ingia. Alipopata kazi Sterling alikaa kiti cha mbele kwenye vani yangu mwaka mzima, na sikumtoza hata senti. Kumbe alipokaa pale alikuwa anaangalia. Alijua nani anachangia kwa wakati, nani anasumbua, nani anashuka wapi.

Mwezi wa sita alinunua haibridi ya mtumba, gari dogo linalotumia mafuta na betri. Nilimpongeza, nikamchinjia mbuzi, yaani nilinunua mguu wa mbuzi kwa yule Msomali mwenye bucha. Jumatatu iliyofuata nikafika kituoni kwetu, pale mbele ya dobi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikakuta watu watatu. Nikasubiri. Nikapiga simu, hazipokelewi. Wakati nimesimama kwenye taa nyekundu, haibridi ikasimama pembeni yangu kimya, bila mlio, na ndani wamo wanne wangu. Jepkosgei, yule mama Mkenya anayetunza wazee kule Herndon, akanipungia mkono. Alipunga vizuri tu, kama mtu anayekusalimia sokoni. Nadhani alifikiri nimeshaambiwa.

Nilipomuuliza Peterson jioni, alisema hakuwachukua, walikuja wenyewe, yeye aliwaambia tu kwamba gari lake halili, kwa hiyo wachangie nusu. Akaongeza kwamba hata mimi ningepumzika, mjomba umri nao. Umri nao! Nina miaka hamsini na mbili.

Mwezi ule ndio ule uliniuliza mbona hela ya dawa haijafika, nikakujibu benki wana matatizo. Benki hawakuwa na matatizo, dada. Mwanao ndiye alikuwa amechukua dawa za mama yako, na hakujua, na mimi sikumwambia, kwa sababu nilitaka nimchukie bila kizuizi.

Hapo angeishia, labda ningetulia. Lakini tuna kundi la WhatsApp la watu wa safari ya asubuhi, na kila Ijumaa Peterson akaanza kuweka picha ya dashibodi yake. Maandishi hayana hata salamu, namba tu: 51. Maana yake maili hamsini na moja kwa galoni. Watu wanapiga makofi, wanaweka vidole gumba. Ochieng, Mkenya mmoja mwenye mdomo, anaandika kwamba hiyo gari hainywi, inanusa tu. Kila Ijumaa, wakati mimi nimesimama sheli namba zinakimbia kwenye pampu, simu inalia mfukoni, naangalia, 51.

Tarehe tano ya mwezi wa saba tulichoma nyama pale kwenye bustani kando ya mto, Watanzania, Wakenya, na Wakongo wawili watatu. Peterson akasimama na sahani yake akasema mbele ya wote kwamba gari la mjomba halinywi mafuta, linayaoga. Watu wakaanguka kwa kicheko. Ochieng akadakia kwamba hiyo vani ni gari ya mbunge, shida ni uncle hana mshahara ya mbunge. Wakacheka mpaka mtu akamwaga soda. Mimi nikacheka pia, ningefanyaje. Halafu nikamwona Vumilia, mke wangu, amefunika mdomo kwa kitenge, mabega yanacheza. Usiku ule alisema hakuwa ananicheka mimi, alikuwa anacheka ile ya mbunge. Niligeukia ukutani. Moyoni nikasema, kijana, na wewe utaisikia pampu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo pabaya.

Pale kanisani mimi ndiye mwongoza magari. Misa yetu ya Kiswahili ni kila Jumapili saa nane mchana, navaa kizibao cha kung'aa, naelekeza watu wapaki. Na kwa sababu nina kipimo cha upepo na kile kipampu kidogo cha kuchomeka kwenye gari, miaka yote hiyo nimekuwa nawakagulia watu matairi wakati wa mahubiri. Hakuna aliyenituma, ndiyo huduma yangu. Mtu akitoka misani anakuta matairi yako sawa, anasema asante baba, anaondoka. Wengi hata hawana kipimo nyumbani. Peterson hakuwahi kununua. Kipimo chake nilikuwa mimi. Alikuwa na maneno yake kwamba mjomba akishapita, gari limebarikiwa.

Tairi likipungua upepo, dada, linakuwa zito barabarani, na gari linakula zaidi. Hilo kila dereva analijua, na mimi nalijua zaidi.

Jumapili ya tarehe kumi na tatu, mwezi huo wa saba, padri alipoanza kuhubiri nilichuchumaa kwenye haibridi ya mwanao. Nikafungua kifuniko cha tairi la kwanza, nikabonyeza ule msumari mdogo wa ndani kwa kofia ya kalamu, upepo ukatoka kwa sauti ndogo kama mtu anayekunyamazisha. Nikapima. Nikatoa pointi tatu. Nikaenda la pili, la tatu, la nne, yote sawa ili gari lisivute upande. Mama mmoja alitoka kumbembeleza mtoto, akaniona pale chini, akasema Mungu akubariki baba kwa kujitoa. Nikasema amina.

Nisikudanganye, ilikuwa tamu. Ijumaa ile picha ikaja, 49. Nikaitazama nikiwa sheli na mafuta yakaonekana bei nafuu. Jumapili nyingine nikatoa tena tatu. Ikaja 47, na safari hii ameandika maelezo, eti foleni ilikuwa kubwa. Jumapili ya tatu nikatoa tena, ikaja 46, akasema ni joto na AC. Nilikuwa naisubiri Ijumaa kama mtoto anavyosubiri nguo ya Krismasi. Ochieng akaanza kumgeukia, akaandika kwamba gari ya Peterson imeacha kunusa, sasa inaonja, wiki ijayo itaitisha glasi. Nilimwekea Ochieng kidole gumba. Mke wangu alishangaa kuniona napiga mluzi nikiosha vyombo.

Baada ya ile Jumapili ya tatu, taa ya matairi iliwaka kwenye dashibodi yake. Na alikwenda wapi kuuliza? Alikuja kwangu. Alikuja jioni na maembe kwenye mfuko, akasema mjomba gari langu linaumwa, linakula, halafu kuna taa ya njano imewaka. Nikatoka nje naye. Nikakaa kwenye kiti chake. Nikaiona ile taa, nikajua inasema nini, na nikajua inasema kweli. Nikamwambia ni sensa tu, vile vipimo vya umeme, vimezeeka, magari ya mtumba ndivyo yalivyo, abandike stika asiione, na ulaji umepanda kwa sababu betri inachoka, kubadilisha ni dola elfu mbili. Alishika kichwa. Akanishukuru. Kesho yake nikaona ameifunika kwa stika ya bendera yetu.

Hapo, dada, ningeweza kusimama. Nilikuwa nimeshalipiza, namba imeshuka, hajalala kwa mawazo ya betri. Nilitoa tena Jumapili ya nne. Na ya tano. Na ya sita. Ya nne picha ilikuwa 43, na baada ya hapo hakuweka tena picha. Kile kimya ndicho kilinifurahisha kuliko namba zote.

Jumanne ya tarehe kumi na tisa, mwezi wa nane, joto la kuunguza, wanarudi kutoka kazini, tairi la nyuma la kulia likapasuka kwenye barabara ya kulipia inayotoka uwanja wa ndege. Gari likazunguka, likagonga ukuta wa katikati. Peterson alivunjika kifundo cha mkono, hilo unalijua. Abiria wengine watatu walitoka na michubuko. Jepkosgei alikaa nyuma kulia. Alivunjika nyonga. Kazi yake ni kuinua wazee kitandani, na sasa yeye ndiye anainuliwa. Daktari amemwambia huenda atarudi kazini mwakani.

Askari alipima yale matairi matatu yaliyobaki. Akaandika kwamba dereva hakuyatunza. Hilo neno likazunguka kwa watu wote kabla hata gari halijavutwa. Wakasema kijana ana tamaa, anabana mpaka upepo. Na abiria wengine wote wakarudi kwangu, dada. Wote. Asubuhi vani imejaa, wananiambia afadhali ya mzee Laurean, inakula lakini inafika.

Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, mwenyekiti wa jumuiya aliuliza kwa upole tu, lakini si Laurean ndiye huwa anakagua matairi? Watu wakanigeukia. Peterson alikuwepo, mkono kwenye bandeji. Nikasema hapana, tangu mwezi wa saba Peterson alinikataza, alisema haibridi haitaki mikono ya kizamani. Nilisema hivyo wazi, kwa sauti, mwanao akiwa hatua tatu kutoka kwangu. Alijua ni uongo. Alikuwa ameniona na kipimo mkononi Jumapili zote, alinipungia mkono akiingia. Aliniangalia mara moja. Halafu akainamisha kichwa akasema, kweli, mjomba alinionya.

Akaupokea uongo wangu mbele za watu kwa sababu mimi ni mjomba wake na hakutaka kunivua nguo. Hivi ndivyo ulivyomlea.

Na jioni ile ndipo nilipokupigia wewe. Nikakuambia mwanao mzembe, hasikii, ameumiza mama wa watu. Ukampigia ukamwambia ameiaibisha nyumba ya baba yake. Najua ulimwambia hivyo kwa sababu alinirudia neno kwa neno. Wiki sita sasa hajakupigia, na wewe unadhani ni kiburi.

Juzi Alhamisi alikuja nyumbani. Alikataa kukaa. Akasema ameacha chuo, yale masomo yake ya uuguzi ya jioni, na amekata tiketi ya tarehe ishirini na tano ya mwezi huu, anarudi Bukoba moja kwa moja, hapa hana uso wa kuwaangalia watu. Akasema anaomba radhi kwa wale abiria, alinichukulia watu wangu bila kuniaga na haikuwa adabu. Halafu akashusha sauti, Vumilia alikuwa jikoni, akasema mjomba, najua ulisahau kujaza. Mtu husahau. Usijitese, na mimi sitamwambia mtu, hata mama.

Anadhani nilisahau. Amepoteza gari, chuo, jina, simu ya mama yake, ili afiche kusahau kwangu.

Dada, sitakuandikia kwamba hasira yote imeisha. Nikikumbuka ile ya kuoga mafuta bado kuna kitu kinachemka hapa kifuani, na watu wale walikuwa wangu. Ningeweza kugombana naye. Ningeweza kukushtakia wewe, ukatukalisha kwenye simu mpaka yaishe. Badala yake nilichagua mahali ambapo aliniamini amefumba macho, nikampiga hapo hapo, mara sita, na kizibao cha kanisa mwilini. Sasa unajua. Tairi halikuwa bovu. Mwanao si mzembe. Ni mimi.

Msalimie mama, usimsomee barua hii, moyo wake hauwezi. Msalimie shemeji, na baba padri wa kigango, na Mwatumu mpe chai, hajui alichobeba. Vumilia nimemwambia jana usiku baada ya chakula. Analala na watoto.

Sasa sikia nitakachofanya, ukishike. Jumamosi hii, tarehe kumi na moja, saa nne asubuhi ya huku, nitagonga mlango wa Peterson na kumwambia yeye kwanza, peke yake, Jumapili zote sita. Kutoka hapo nitakwenda kwa Jepkosgei kumwambia kitandani kwake. Na Jumapili tarehe kumi na mbili, misa ikiisha, kwenye matangazo, nitasimama mbele ya watu wote niseme nilichofanya na nilichodanganya, na Jumatatu nitakiandika na kukisaini polisi, hata ikinipeleka ndani. Mwenyekiti ameshanipa nafasi ya mwisho, hajui ya nini. Ikifika Jumatatu asubuhi ya kwenu Peterson hajakupigia kukuambia kwamba mjomba amesema, ujue nimeogopa. Basi mpigie wewe, umsomee barua hii kuanzia mstari wa kwanza, halafu ipige picha umtumie mwenyekiti aiweke kwenye kundi letu. Namba ya mwenyekiti nimeiandika nyuma ya bahasha.

Ndugu yako,
Laurean